Kiberiti Hakitibu Kipindupindu

Kipindupindu kikishaingia mjini, hata majibu ya maabara hayajatoka, wimbo ni uleule barazani, redioni na kwenye vikao vya kata: enzi za mkoloni mambo haya hayakuwepo. Bwana afya akipita mtaani, kila mtu ameshafagia. Dumu halina kifuniko, faini. Choo kimejaa, faini. Mji uling'aa na maradhi yaliogopa kuingia. Kisha mwimbaji anafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo, kwamba watu wetu hawaelewi mpaka waburuzwe.

Wanaoimba wimbo huu si wajinga. Baadhi yao ni madaktari, wengine ni wazee walioishi siku hizo na kumbukumbu zao ni za kweli: mitaro kweli ilizibuliwa na faini kweli zilitozwa. Ninachokikataa ni hitimisho lao, kwamba ile mikwara ya amri ndiyo iliyokizuia kipindupindu, na kwamba dawa yake leo ni kuirudisha. Historia haisemi hivyo. Na hoja hii ina bei yake, maana ndiyo inayowatuma mgambo kumwaga sufuria za mama ntilie asubuhi, wakati kisima anachotekea kiko hatua kumi kutoka choo cha shimo na hakuna aliyekipima.

Basi tuipime pale ambapo ingestahili kushinda kwa urahisi. Sichagui koloni maskini lenye daktari mmoja na punda wawili. Nachagua Manila, mji wa bandari wa Ufilipino, mwaka 1902. Hapo palikuwa na mtawala mpya mwenye fedha, jeshi, maabara, madaktari waliofundishwa nadharia ya vijidudu, na wala hakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa. Kama mkono wa chuma unakiweza kipindupindu, ulipaswa kukiweza pale.

Marekani iliuteka mji huo kutoka kwa Wahispania mwezi Agosti 1898, kisha ikaingia vitani na Wafilipino wenyewe, ambao walidhani wamekombolewa. Tarehe 20 Machi 1902, vita vikiwa bado havijaisha, wagonjwa katika hospitali ya San Juan de Dios walitambuliwa kuwa na kipindupindu. Msimamizi wa mambo yote ya afya alikuwa Dean Worcester, katibu wa mambo ya ndani wa serikali ya kikoloni, ambaye kwa taaluma alikuwa mtaalamu wa wanyama. Chini yake alikuwepo kamishna wa afya, Maus, daktari wa jeshi. Hawakupoteza muda. Kwenye viwanja vya San Lazaro kambi ya kuwazuilia watu wapatao 2,500 ilikuwa imeshajengwa hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonekana.

Utaratibu ulikuwa hivi. Wakaguzi walizunguka nyumba kwa nyumba. Akikutwa mgonjwa, alibebwa kwenda hospitali ya kipindupindu. Waliokaa naye nyumba moja, mama, watoto, wapangaji, walipelekwa kambini San Lazaro kuchungwa. Nyumba ilimwagiwa dawa au, ikiwa ni kibanda cha mianzi na majani ya nipa, ilitiwa moto. Mtaa wa Farola, karibu na mnara wa taa mto Pasig unapoingia baharini, ulichomwa na watu wake wakahamishiwa kambini. Mboga mbichi na vyakula vinginevyo vilipigwa marufuku sokoni. Maiti zilichomwa, katika nchi ya Wakatoliki ambao kwao kukesha na maiti na kuizika kaburini ni nusu ya dini. Na mji wote ulizungushiwa karantini ya nchi kavu, ili, kwa maelezo ya wakuu wenyewe, kuzilinda wilaya za nje.

Sasa tuangalie hesabu. Kwa takwimu rasmi za utawala huo, mlipuko ulipotangazwa kuwa umekwisha mwanzoni mwa 1904, watu zaidi ya 109,000 walikuwa wamekufa katika visiwa vyote. Manila ilikuwa na vifo takriban 4,400. Mashabiki wa mkono wa chuma wakiiona namba hiyo ya pili husema: mnaona? Mji ulinusurika.

Haukunusurika. Sensa ya 1903 iliwahesabu wakazi wa Manila kuwa kama 220,000. Vifo 4,400 katika idadi hiyo ni watu wawili katika kila mia. Ufilipino nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni saba na nusu. Ukiiondoa Manila, vifo vya kwingineko havifiki hata mtu mmoja na nusu katika kila mia. Yaani mji uliokuwa na wakaguzi, kambi, hospitali, maabara na viberiti ulizika sehemu kubwa zaidi ya watu wake kuliko vijiji ambavyo vingi havikuwahi kumwona daktari. Najua jibu litakalokuja. Vijijini vifo havikuandikwa vyote, na mjini watu hubanana. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kwamba hatua za Manila ziliua watu wengi kuliko ambavyo wangekufa bila hatua zozote. Nasema tu kwamba anayetaka kuzitumia namba hizi kama ushahidi wa ushindi hana ushindi wa kuonyesha. Tena ile karantini ya kuzilinda wilaya iliwekwa, na wilaya zikapata zaidi ya vifo tisini na tano katika kila mia ya vifo vyote.

Iko namba nyingine katika vitabu hivyohivyo ambayo kwangu ni nzito zaidi, na sijaona ikitajwa kwenye hizi sifa za ukoloni. Manila iliandikisha wagonjwa kama 5,600. Kati yao walikufa 4,400. Karibu wanane katika kumi! Kipindupindu ni kikatili, lakini si kwa kiasi hicho. Wengi wanaokimeza kijidudu chake hawajui hata kama wanacho, au huharisha kidogo wakapona. Na kati ya wanaougua vikali bila kutibiwa, hufa kama nusu. Ukiona kitabu cha serikali kina wafu wanane kwa kila wagonjwa kumi, maana yake ni moja: wagonjwa wengi waliopona serikali haikuwaona. Wengi walifichwa. Walioingia kitabuni ni wale walioshindikana kufichwa, na maiti haifichiki kirahisi, ingawa hata hizo zilifichwa: Wamarekani wenyewe waliandika kwa hasira kwamba maiti zilizikwa kwa siri na nyingine zikatupwa majini usiku.

Kuficha huko hakukuwa ujinga. Jiweke mahali pa mama wa Tondo, mtaa wa Manila, mwaka ule. Mtoto ameanza kuharisha alfajiri. Ukimwita mkaguzi, mtoto atachukuliwa na huenda usimwone tena, akifa atachomwa kama taka, wewe na wengine mtafungiwa kambini siku kadhaa bila kazi wala mshahara, na mkirudi huenda mkakuta majivu. Usipomwita, mtoto ana nafasi ya kupona mikononi mwako, na akifa utamzika. Dawa ya hospitali nayo ilikuwa bahati nasibu. Madaktari walikuwa wakijaribu benzozoni na kemikali nyingine za kuua vijidudu tumboni, ambazo hazikumrudishia mgonjwa hata kikombe kimoja cha maji aliyopoteza. Mama yule alipiga hesabu na hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyeandika kanuni inayomwadhibu mtu kwa kutoa taarifa, kisha akashangaa hapati taarifa.

Na wale walioachwa bila nyumba lakini wakaikwepa kambi walikwenda wapi? Kijidudu cha kipindupindu hakiishi kwenye kuta za mianzi hata moto ukimalize. Kikikauka kinakufa chenyewe. Kinaishi kwenye maji na kwenye utumbo wa mtu, na mtu aliyechomewa nyumba husafiri na utumbo wake: kwa shemeji mtaa wa pili, kwa mashua usiku, kijijini kwa wazazi. Moto haukuua ugonjwa; pale watu walipokimbia, uliutawanya.

Worcester baadaye alisimulia kwa dharau uvumi uliozagaa mjini: eti nyumba za maskini zilichomwa ili kupisha maghala na majumba ya matajiri wa Kimarekani, eti visima vilitiwa sumu. Waandishi wengi waliomfuata wamenakili dharau hiyo bila kuuliza swali rahisi: kwa nini watu waliamini? Miezi michache kabla, katika jimbo la Batangas kusini mwa Manila, Jenerali Bell aliamuru raia wakusanywe ndani ya maeneo yaliyozingirwa na askari, na mali iliyobaki nje ya mipaka hiyo iharibiwe, ili waasi wakose chakula. Mamia ya maelfu ya watu walibanwa humo, wengi wakafa kwa maradhi. Januari serikali hiyo inachoma vijiji kwa sababu za vita. Machi inakuja na moto uleule, ikiwa na wanaume wa lugha ileile na mara nyingine sare zilezile, ikisema safari hii ni kwa ajili ya afya yako. Ungemwamini? Mimi nisingemwamini. Uvumi wa sumu ulikuwa wa uongo, lakini chanzo chake kilikuwa mambo waliyoyaona kwa macho.

Hapa ndipo wapinzani wangu hunikatiza: basi ungetaka serikali ikae kimya? Mbona mwishowe ugonjwa ulikwisha?

Sikutaka ikae kimya, na wala haikuwa na haja ya kubahatisha. Kufikia 1902 dunia ilishajua kipindupindu kinapita wapi. John Snow alikuwa amelionyesha bomba la Broad Street mjini London mwaka 1854. Robert Koch alikuwa amekifuata kijidudu chenyewe Misri na Kalkuta mwaka 1883 na 1884. Na miaka kumi tu kabla ya Manila, Ujerumani ilikuwa imepata somo ambalo hakuna mhandisi wa maji aliyelisahau: mwaka 1892 mji wa bandari wa Hamburg, ulioyanywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, ulipoteza watu kama 8,600, wakati mji jirani wa Altona, uliochukua maji ya mto huohuo tena chini zaidi, yakiwa yameshapokea uchafu wa Hamburg, ulinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu uliyapitisha kwenye machujio ya mchanga. Kulikuwa na barabara ambayo upande mmoja ulikuwa wa Hamburg na upande wa pili wa Altona. Ugonjwa ulikaa upande mmoja.

Manila nayo ilikuwa na bomba. Liliachwa na Wahispania: mfumo wa Carriedo, uliofunguliwa mwaka 1882 kwa urithi wa mfanyabiashara aliyekufa karibu karne moja na nusu kabla, ukiyasukuma maji ya mto Marikina hadi mjini bila kuyachuja. Juu ya mahali maji yalipotekwa kulikuwa na miji kadhaa, watu wakioga, wakifua na kunywesha nyati humohumo mtoni. Na kuna jambo ambalo lazima nilikubali, kwa sababu ni la kweli na kwa sababu linaisaidia hoja yangu kuliko ya wapinzani wangu. Wamarekani waliweka askari kuulinda mto ule. Walifukia visima vibaya. Waligawa bure maji yaliyochemshwa na kugeuzwa mvuke, katika vituo mjini na kwa magari makubwa yaliyopita mitaani. Hayo yalikuwa mambo mema, na kama Manila haikupata maafa makubwa zaidi, hapo ndipo nitakapotafuta sababu. Yamo ndani ya ripoti zilezile, lakini sijamsikia hata mzee mmoja wa barazani akiyasifu. Hakuna anayesema: enzi za mkoloni tuligaiwa maji safi bure. Kinachokumbukwa na kutamaniwa ni fimbo.

Kwa hiyo hatubishani kama serikali itumie nguvu au isitumie. Tunabishana nguvu hiyo ielekezwe wapi. Askari aliyesimama ukingoni mwa Marikina alikuwa anailinda afya ya watu laki mbili. Aliyesimama mlangoni San Lazaro alikuwa anawafundisha watu laki mbili kumkimbia daktari. Wakuu wenyewe walianza kuligundua hilo: kadiri miezi ya 1902 ilivyosogea, malalamiko yakizidi, masharti ya kambi na ya mazishi yalilegezwa, madaktari wa Kifilipino wakaanza kupewa nafasi, na Maus akaondoka katika kiti chake mwaka huohuo. Wenye kusifu mkono wa chuma hawapendi kuusoma ukurasa huo, kwamba mkono wenyewe ulilazimika kufunguka.

Hata hivyo ugonjwa haukungoja ruhusa. Tarehe 13 Mei 1903, zaidi ya mwaka mzima tangu hatua zile zianze, alikufa kwa kipindupindu mjini Manila Apolinario Mabini, waziri mkuu wa kwanza wa jamhuri iliyovunjwa na Wamarekani, mtu aliyepooza miguu na ambaye walikuwa wamemrudisha miezi michache tu kutoka uhamishoni Guam. Mwaka 1905 kipindupindu kilirudi. Oktoba 1908, meli 16 za vita ambazo Marekani ilizituma kuizunguka dunia zikajionyeshe zilifika Manila, bandari ya koloni lake lenyewe, mji uliokuwa umeandaa mapokezi kwa miezi. Mabaharia hawakuruhusiwa kushuka. Kulikuwa na kipindupindu mjini, miaka sita baada ya Farola.

Kilichobadilisha hali hakikuwa kiberiti kipya. Mwishoni mwa muongo ule mahali pa kutekea maji palihamishiwa Montalban, juu zaidi mtoni, kupita miji ile, na mji ukajengewa mabomba mapya na mifereji ya maji machafu. Kazi hiyo ilikuwa ghali na ya polepole, na haina hadithi ya kusisimua ya kusimulia. Victor Heiser, aliyekuwa mkurugenzi wa afya wa visiwa hivyo kuanzia 1905 hadi 1915, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1936 na kitabu kikauzwa sana. Humo unakutana na daktari shujaa akipambana na wenyeji wabishi. Mabomba hayauzi vitabu. Na hivi ndivyo sifa zilivyoibwa kutoka kwa fundi bomba na kupewa mkaguzi.

Kwetu nako mfano upo, na hauhitaji mkoloni. Unguja ilipigwa vibaya na kipindupindu mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa mjini wakati ule, alikiandikia kitabu kizima. Seyyid Barghash, aliyeshika kiti cha usultani mwaka huo wa 1870, ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi za kaskazini, miaka ya 1880, kabla Waingereza hawajautangaza ulinzi wao mwaka 1890. Sisemi Barghash alikuwa mtawala mpole. Nasema katika orodha ya waliofanya jambo la maana dhidi ya kipindupindu katika pwani hii, jina lake linatangulia la bwana afya yeyote, lakini kwenye ule wimbo wa barazani hatajwi.

Tukija kwenye tiba, hoja ya kuburuza watu inabaki bila nguo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, upande wa India, na kipindupindu kikawafuata. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru mchanganyiko wa chumvi, glukosi na magadi ya kupikia utiwe kwenye pipa, na wagonjwa wanyweshwe. Wanyweshwe na nani, wakati wauguzi hawatoshi? Na ndugu zao. Mama alishika kikombe, kaka alishika kikombe. Vifo vilivyokuwa vinafika thelathini katika mia vilishuka chini ya vinne. Watu walewale ambao San Lazaro iliwatenganisha na wagonjwa wao kwa kuwa ni hatari, hapa ndio waliokuwa tiba. Leo vituo vya afya hutoa pakiti za mchanganyiko wa aina hiyo, ORS, na kila mgonjwa anayefichwa kwa hofu anafichwa mbali na pakiti ya bei ndogo kuliko soda.

Sasa turudi kwa mgambo na sufuria. Mwaka 2015 mlipuko ulianzia Kinondoni, Dar es Salaam, ukaenea mikoa mingi na Zanzibar. Mtu yeyote anayeishi mabondeni jijini anajua kinachotokea mvua kubwa ikinyesha: vyoo vinatapishwa, kinyesi kinafunguliwa kiende na mafuriko, kwa sababu gari la kunyonya ni ghali au haliwezi kupita kwenye vichochoro. Maji hayo yanapita juu ya mabomba yenye nyufa na kuingia visimani. Maafisa afya wetu husema bila kumung'unya maneno kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa kula kinyesi, na wako sahihi. Ila amri inayofuata mara nyingi humwangukia mama anayeuza wali maharage, aliyenunua dumu lake la maji kwa mwenye mkokoteni, aliyejaza kwenye boza, lililojaza mahali ambapo hakuna anayepajua.

Uzeni chakula kikiwa moto, wanawisheni wateja, wekeni kifuniko: sina ugomvi na masharti hayo, na asiyeyafuata atozwe faini. Lakini faini hiyo haijibu swali la maji. Nataka kuona, siku ileile amri ya kufunga vibanda inapobandikwa ofisi ya kata, karatasi ya pili ikibandikwa pembeni yake: visima vingapi vya mtaa huu vimepimwa wiki hii, vingapi vimekutwa na kinyesi, boza zipi zimekaguliwa klorini, na gari la kunyonya vyoo la manispaa litapita lini na kwa bei gani. Mwenyekiti wa mtaa anayo mihuri ya kutosha ya kuifanya karatasi hiyo iwe halali. Iwapo haibandikwi, basi mtendaji asituambie kwamba tatizo ni watu wasioelewa.